Kilo Mbili za Chumvi

Miche mia nne ya mikaratusi ilikaa kando ya jiko la Loyi mwezi mzima, kila mmoja ndani ya mfuko wake mweusi wa nailoni, na Loyi ndiye aliyeimwagilia. Ilikuwa ya kaka yake, Benon. Benon aliipanga pale kwa mikono yake, safu kumi za miche arobaini, akasema kivuli cha jiko kinaifaa. Hakusema itapandwa wapi, na hakuna aliyemuuliza. Ardhi pekee ya Benon iliyokuwa karibu na jiko lile ni ile aliyomwazima dada yake, na juu yake sasa kulikuwa na mistari thelathini na mmoja ya bitiruti.

Sharti la wao kubaki pale Benon alilitoa Jumapili moja baada ya kanisa, mbele ya wazee wawili wa ukoo.

"Yule mama wa Butembo akifunga kitambaa chake kwenye shamba hilo, mtabaki. Asipofunga, napanda miti. Miti haiombi dawa kila wiki."

Mama wa Butembo aliitwa Emérance. Kila msimu alivuka daraja la Mpondwe kutoka Kongo kuja kununua bitiruti zikiwa bado udongoni, kuzunguka Bwera yote. Hakung'oa hata moja. Alilizunguka shamba mara moja, akitazama majani, na akiridhika alichomeka kijiti kwenye pembe ya shamba na kukifunga kipande cha kitenge. Tangu hapo mnunuzi mwingine hakukanyaga. Ilikuwa haijawahi kutokea Emérance akafunga kitambaa kisha asirudi na magunia.

Kubaki kulikuwa na maana moja tu kwa Loyi na mumewe Yafesi: kutorudi Katwe. Yafesi alikuwa amesimama ndani ya maji ya ziwa la Katwe miaka kumi na tisa akivuna chumvi, na miguu yake, kutoka gotini kwenda chini, ilikuwa na vidonda ambavyo daktari alisema havitafunga mpaka vitoke majini. Vilitoka majini miaka miwili iliyopita. Sasa vilikuwa vimefunga vyote isipokuwa kimoja.

Madoa yalianza wiki ya saba baada ya kupanda. Yalikuwa ya mviringo, madogo kama punje ya mtama, kijivu katikati na wekundu wa kutu pembeni. Katika siku tisa yalitoka mistari mitatu hadi kumi na nne, kwa sababu mvua ilinyesha kila jioni na asubuhi ikawa joto.

Naome, bibi shamba wa tarafa, aliwakusanya wakulima chini ya paa la mabati la ofisi yake, akawaonyesha jani. Alikuwa mtu wa Mbarara, Lhukonzo, lugha ya Bwera, hakijui vizuri, kwa hiyo alifundisha kwa Kiswahili chake.

"Hii ugonjwa inakaa chini ya jani. Ukipiga dawa juu tu, umeosha jani, haujatibu. Pampu inashuka hivi, nozeli inaangalia juu. Unaona? Halafu unageuza, unapiga na juu. Baada ya siku kumi na nne, unarudia. Jani yenye imekufa, unatoa, unachoma moto. Hautupi kwa shamba ya jirani, nyinyi watu."

Walicheka.

"Ugonjwa ikisimama, unapiga mbolea ya majani. Ile ya chupa. Mmea inakula na majani pia, si mizizi peke yake. Na kitu ingine, hii ni ya msimu ujao. Bitiruti si kama maharagwe. Asili yake ni pwani. Inapenda chumvi. Lakini kidogo, kwa udongo, kabla ya kupanda. Nusu kilo kwa mustari ya mita arobaini. Si zaidi."

Yafesi alisimama nyuma, karibu na mlango. Viti vilikuwepo, lakini katika mkutano wa wenye mashamba hakuona vizuri kukaa. Aliyasikia yote. Waliosimama karibu naye walimwona akitabasamu Naome aliposema chumvi.

Dawa ya ukungu aliipiga yeye, mara mbili, kama alivyofundishwa. Madoa yalisimama. Kisha akapiga mbolea ya majani, chupa moja, na rangi ya majani ikazidi kukolea. Chupa ya pili haikununuliwa. Bei yake ilikuwa sawa na ada ya mtihani ya Medius, binti yao mkubwa, na ada ilitangulia. Ilibaki wiki moja Emérance aje.

Jumatatu ya wiki hiyo, saa kumi na mbili unusu asubuhi, Loyi alimkuta mumewe amechuchumaa mbele ya pampu, mfuniko ukiwa chini na mfuko wa chumvi kati ya magoti yake. Ilikuwa chumvi ya Katwe, aliyoletewa na ndugu zake kwa ajili ya kutumia nyumbani.

"Baba Medius, unaweka nini humo?"

"Chakula."

"Mbolea si iliisha?"

"Ile ya chupa. Hii haiishi, ipo ziwa zima."

Loyi aliweka ndoo chini. "Naome alisema udongoni."

"Naome ameisoma chumvi kwenye daftari. Mimi nimesimama ndani yake."

"Na alisema kabla ya kupanda."

"Alisema pia mmea unakula kwa majani. Hukumsikia? Kama unakula kwa majani, na chumvi unaipenda, kwa nini tuizungushe njia ndefu? Siku nne tu. Huyo mama anakuja Alhamisi, atakuta majani yamesimama kama masikio ya ng'ombe."

Loyi hakuona kosa katika maelezo hayo. Alikuwa na wasiwasi, lakini wasiwasi si hoja. Tena kulikuwa na jambo jingine. Katika boma lile mumewe hakuwa na neno juu ya mpaka, juu ya mti, wala juu ya mahali pa kuchimba choo. Yote hayo yalikuwa ya Benon. Pampu ilikuwa yake. Loyi alimwachia pampu.

Yafesi alimimina kilo moja, akakoroga kwa fimbo, akachovya kidole na kukiweka ulimini. Hivyo ndivyo wanavyofanya Katwe; maji yaliyo tayari kuvunwa yanajulikana kwa ulimi, na mvunaji mzuri hakosei. Yafesi alikuwa mvunaji mzuri.

"Mepesi," alisema. "Kama ya ukingoni."

Akamimina kilo ya pili. Akaonja tena, akafunga jicho moja.

"Sasa."

Alipiga vizuri. Hilo ni lazima lisemwe. Nozeli aliishusha, akalowesha tumbo la kila jani, akageuza, akalowesha mgongo. Kwa kawaida pampu moja ya lita ishirini ilitosha mistari yote thelathini na mmoja, lakini siku hiyo hakufanya ubahili, na pampu ikakauka mwisho wa mstari wa ishirini na saba. Chumvi nayo ilikuwa imekwisha. Akaosha mikono, akaenda kunywa chai.

Loyi alirudi kutoka sokoni saa nane na kwanza akadhani ni jua. Majani yalikuwa yamelala, kingo zake zimejikunja kwa ndani. Alipofika karibu aliona mistari minne ya mwisho imesimama kama ilivyokuwa asubuhi, mibichi, na mpaka kati ya iliyolala na iliyosimama umenyooka kama uliopigwa kwa kamba. Jua haliwezi kufanya hivyo.

Hakumwita mumewe. Alichuma jani moja, akalifunga katika pindo la leso, akatembea nusu saa mpaka ofisini kwa Naome.

Kulikuwa na benchi nje. Alikaa. Naome alikuwa akila chakula cha mchana na mtu wa benki ya akiba, mlango wazi, na kila mara alipoinua macho alimwona Loyi na kurudi kwenye bakuli lake. Ilichukua dakika ishirini. Kisha mtu wa benki akatoka, akaruka ncha ya benchi, akaenda zake.

Loyi alifungua leso.

"Hii ulipiga nini?"

"Chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ya Katwe."

"Ngapi?"

"Kilo mbili."

"Kwa pampu mbili? Tatu?"

"Moja."

Naome aliligeuza jani, akaangalia chini yake, akaangalia tena juu. Pote palikuwa na rangi ya tumbaku.

"Umepiga na chini," alisema.

"Ulifundisha hivyo."

"Nilifundisha hivyo kwa dawa, mama." Alilirudisha jani juu ya leso. "Kilo mbili ni ya mistari ine, kwa udongo. Wewe umeweka yote kwa majani. Chumvi inavuta maji, inatoa ndani ya jani inaleta nje. Jua ikitoka, kwisha. Enda mumwagie maji safi. Mingi. Sasa hivi. Itasaidia kidogo mizizi, jani haitarudi."

"Hayatapona?"

"Itatoka ingine. Wiki tatu, ine. Lakini hiyo jani mpya itatoa nguvu wapi? Kwa kiazi. Kiazi itarudi nyuma, na sukari yake itapungua." Alivuta bakuli lake. "Mama Emérance anakuja lini?"

"Alhamisi."

Naome alifunga bakuli lake la plastiki. Halikufunga vizuri, akalibonyeza tena.

Walimwaga maji mpaka jua likakaribia milima. Mfereji wa pamoja ulikuwa chini, karibu na nyumba ya Benon, na kila madumu mawili yalipita mbele ya baraza yake. Yafesi alibeba, Loyi alimwagia kwa kopo lililotobolewa. Mara moja tu Yafesi alisema, "Yale ya pale mbele yanaonekana afadhali," na Loyi akatazama pale mbele, na hayakuwa afadhali.

Safari ya kumi na moja Benon aliwafuata akiwa na kikombe cha uji mkononi.

"Mnamwagilia saa hizi? Si mvua itanyesha?"

"Joto lilikuwa kali," Loyi alisema.

Benon alitembea mpaka mstari wa kumi, akainama, akanyanyua jani kwa ncha ya kidole kama mtu anayenyanyua nguo ya mwingine.

"Nani amepiga dawa hapa?"

Yafesi alikuwa hatua nne kutoka pale, dumu begani.

"Mimi," Loyi alisema.

"Wewe?"

"Mimi, kaka. Nilikosea kipimo."

Yafesi alishusha dumu chini. Akasimama. Kisha akalinyanyua tena na kuendelea mpaka mwisho wa shamba, akalimwaga lote mahali pamoja.

Benon alimaliza uji wake. "Miche mmeinywesha leo?" aliuliza.

"Bado."

"Basi bakizeni maji kidogo."

Alhamisi Emérance alifika saa tatu, viatu vya mpira miguuni, mkoba umebanwa kwapani, vipande vya kitenge vikining'inia kwenye mshipi wake kama nyasi. Kinande chake na Lhukonzo cha Bwera vinasikilizana kabisa, lakini biashara aliifanya kwa Kiswahili cha kwao. Alisema lugha ya nyumbani inaleta bei ya nyumbani. Benon alikuwa amekwisha kufika. Walikuwepo pia wanaume wawili waliokuwa wakipita njia ya juu, wakasimama, kwa kuwa Emérance alipoingia shambani watu walisimama.

"Bonjour, Mama Medius. Batoto beko wazima?"

"Wazima. Karibu."

"Bon. Tuangalie."

Hakuzunguka. Alifika mstari wa tatu akasimama.

"Aah. Hii ni nini tena?"

"Yaliungua," Loyi alisema.

"Na moto?"

"Na dawa."

"Dada yangu alikosea kipimo," Benon alisema. "Wanawake na pampu, mama."

Emérance hakumtazama. Alichuma kipande cha jani kutoka karibu na shina, pale ambapo maji ya kuoshea hayakufika, akakifikicha kiganjani, akakigusa kwa ulimi. Akatema mate pembeni.

"Chumvi," alisema. "Na haiko ya duka. Hii iko na uchungu nyuma. Iko ya Katwe. Minauzisha hii chumvi ku Beni miaka kumi na mbili, siwezi kuikosea."

Macho yake yalishuka mpaka kwenye miguu ya Yafesi. Suruali ilikuwa imekunjwa. Kuanzia gotini ngozi ilikuwa na mabaka meupe ya mviringo, na kidonda kimoja chekundu. Benon alifuata macho yake, akaona alichokiona yeye, akaanza kucheka taratibu, bila haraka, kama mtu aliyepewa hesabu rahisi.

"Shemeji," alisema. "Shemeji yangu. Huku kwetu udongo haulambwi."

Wanaume wa njia ya juu walicheka pia. Mmoja akasema, "Afadhali angeleta na samaki, tukapika kabisa!"

"Ni mimi," Yafesi alisema. "Si yeye. Yeye aliniambia nisiweke."

"Sikukwambia usiweke," Loyi alisema. "Nilikwambia Naome alisema udongoni."

Ilikuwa kweli.

Emérance alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alishika bitiruti moja shingoni, akaing'oa, akaifuta kwa sketi na kuikata kwa kisu chake cha mfukoni. Ndani ilikuwa na duara zake zote, nyekundu nzito na nyekundu nyepesi kwa zamu. Alikata kipande chembamba akatafuna.

"Iko tamu. Kazi mulifanya." Alimpa Loyi nusu iliyobaki. "Lakini ku Butembo, mutu hanunui kichwa bila nywele. Majani anapika, kiazi anakamulia mutoto wenye damu kidogo. Nikimupelekea kiazi peke yake, atauliza: Emérance, hii uliokota wapi?"

"Majani mapya yatatoka," Loyi alisema. "Wiki tatu. Tutapiga dawa ya ukungu yasipate madoa, nitapiga mwenyewe, kwa kipimo."

"Na kiazi itakuwa imekonda, Mama Medius. Hata weye unajua."

"Najua."

"Bon."

Alitembea. Alivuka mistari akihesabu kwa midomo, bila kutazama, mpaka alipofika mstari wa ishirini na nane, akasimama. Majani yalimfika magotini. Alipitisha mkono chini yake, akayageuza, akatafuta madoa. Hayakuwepo.

"Na hii ine? Hii iliponaje?"

"Pampu iliisha," Yafesi alisema.

Emérance alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, kicheko kifupi cha puani. Akavuta kipande cha kitenge kutoka kwenye mshipi, cha njano na buluu, akaokota kijiti.

Loyi alimsogelea. Alisema kwa Lhukonzo, kwa sauti ya chini, akiwa amewapa mgongo wanaume.

"Mama Emérance. Kifunge pembeni. Pale unapofunga siku zote."

Emérance aliangalia pembe ya shamba, kisha Benon, kisha miche mia nne kando ya jiko. Alikuwa mtu wa kuona. Alijibu kwa Kiswahili, lakini naye kwa sauti ya chini.

"Nikifunga pale, bote banajua nimenunua shamba muzima. Kesho nikikuya na gunia mbili tu, batasema nini?"

"Watasema umeacha mengine yakue."

"Batasema kitambaa ya Emérance inadanganya. Niko na mashamba makumi ine ku Bwera hapa, mama. Hakuna mahali natia kidole kwa karatasi. Kitambaa ndiyo karatasi." Alichomeka kijiti kati ya mstari wa ishirini na saba na wa ishirini na nane, akafunga fundo mara mbili. "Utanisamehe. Kama ni miye nilichoma, ningefunga pale."

Alimlipa Loyi bei ya mistari minne, bei kamili, wala hakupunguza shilingi. Kisha akaenda shamba linalofuata, na wanaume wawili wakaenda nyuma yake.

Benon alibaki. Alitembea kutoka pembe ya shamba mpaka kwenye kijiti, hatua ndefu za kupimia, kisha kutoka kwenye kijiti mpaka mwisho. Upande wa pili ulikuwa hatua mbili.

"Nilisema kitambaa kikifungwa, mnabaki," alisema. "Nililisema mbele ya wazee na silirudishi nyuma. Kimefungwa."

Akakionyesha kijiti kwa kidole.

"Kwa hiyo mnabaki. Hapo kilipofungwa."

"Ni mistari minne, kaka. Sisi ni watu watano."

"Sikusema mtakula nini. Nilisema mtabaki wapi."

Hakulisema kwa ubaya. Alikuwa mtu wa kushika neno, na alikuwa akilishika. Wazee wawili walipoulizwa baadaye walikubali kwamba neno lilikuwa hivyo, na kwamba kaka mwingine angewafukuza.

Zile za mistari ishirini na saba Loyi alizing'oa kabla ya miti kupandwa. Aliziuza bila majani, kwa beseni, kando ya barabara ya Kasese, na waliozinunua wengi walikuwa na nguruwe. Mwanamke mmoja alisimamisha gari dogo, akashusha kioo, akauliza kwa nini zimenyolewa. Loyi akasema majani yameliwa. "Na nini?" mwanamke akauliza. Loyi akasema, "Na chumvi." Mwanamke akafikiri anatukanwa, akapandisha kioo.

Yafesi aliondoka Jumatatu. Kulikuwa na binamu yake Katwe aliyekuwa na kiwanja cha chumvi na hakuwa na mtu wa kukivuna. Asubuhi hiyo alifungua pampu, akaiosha kwa maji ya moto, akaimwaga, akaiosha tena.

"Nimeisafisha mara tatu," alimwambia mkewe.

"Nimeona."

"Nozeli iko ndani ya soksi, juu ya kabati. Usimwazime mtu."

"Sitamwazima."

"Dawa ya ukungu ni kifuniko kimoja na nusu kwa pampu nzima. Kwa mistari minne..." Alifikiri. "Hata robo pampu ni nyingi."

"Nitapima," Loyi alisema.

Alikunjua suruali mpaka kwenye vifundo vya miguu na kuchukua mfuko wake. Kile kidonda kimoja kilikuwa kimefunga wiki ile. Walikiona wote wawili Jumapili, alipokuwa akinawa.

Msimu wa pili mvua zilichelewa kidogo. Mikaratusi ya Benon ilikuwa imefika magotini, imesimama sawasawa mpaka pale kijiti kilipokuwa. Kitambaa Emérance alikichukua siku alipokuja na magunia yake mawili, lakini kijiti kilibaki, na Benon alikitumia kama mpaka. Jioni Medius na wadogo zake waliendelea kuimwagilia miti, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu.

Katika wiki ambayo Loyi alikuwa akipasua udongo wa mistari minne, mwendesha bodaboda alisimama nyumbani kwake. Alikuwa ametoka Katwe na gunia la chumvi la mfanyabiashara wa sokoni, na juu ya gunia kulikuwa na mfuko mdogo uliofungwa kwa uzi wa nailoni.

"Mama Medius ni wewe? Mzee Yafesi amekutumia."

"Amesema nini?"

"Amesema ya udongoni. Kabla ya kupanda."

Loyi aliupokea mfuko kwa mikono miwili. "Miguu yake je?"

Kijana alikuwa amekwisha kuipiga teke pikipiki iwake. Alifikiri swali ni la kawaida, akalijibu kikawaida.

"Iko kwa maji."

Dukani aliazima mizani. Mfuko ulikuwa na kilo mbili kamili. Yafesi alikuwa ameipima mwenyewe huko alikokuwa. Loyi aliigawa mara nne kwenye karatasi zilizochanwa daftari la Medius, nusu kilo, nusu kilo, akipunguza punje na kuongeza punje mpaka mshale ukasimama. Mwenye duka alimwambia hiyo ni chumvi tu, si dhahabu. Loyi alisema anajua ni chumvi.

Aliinyunyiza mstari kwa mstari, mita arobaini kwenda, mita arobaini kurudi, akaifukia kwa jembe. Mwisho wa mstari wa nne karatasi ya mwisho ilikuwa tupu. Vidoleni mwake chembe chache zilikuwa zimeganda. Alivifuta kwenye udongo, akaenda kuchukua mbegu.